Kirangozi Mabula Hakufa

Ni mimi niliyemwokoa Kirangozi Mabula. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nimelikana mbele ya wahadhiri, nimelikana mbele ya mhariri mmoja aliyeninunulia chakula cha mchana kwa matumaini makubwa, na mwaka juzi nililikana mbele ya ukumbi mzima wa wanafunzi kule Chimwaga. Binti mmoja wa safu ya nyuma alisimama akauliza kama ni kweli kuna mtu aliyemshawishi Mzee Simoni Chidosa abadili mwisho wa kitabu chake cha saba, na kama mtu huyo anaishi hapahapa Dodoma. Nilimjibu kwa sauti yangu ya jukwaani kwamba waandishi wakubwa hawashawishiki. Watu wakapiga makofi. Na si hilo tu. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni niliandika kazi ndefu ya semina nikiuponda mwisho huohuo, nikauita wokovu wa kubahatisha usiotokana na mtiririko wa visa, na nikapata alama ya juu kuliko darasa zima. Sijui kama yuko Mtanzania mwingine aliyepewa A kwa kujisengenya.

Kwa wale ambao hawakukulia katika vitabu hivyo: Mabula alikuwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara wa enzi za watu kutembea kwa miguu kutoka Unyamwezi hadi pwani, na katika kila kitabu alipambana na simba, na wanyang'anyi, na mafuriko, na angalau mwanamke mmoja mwenye akili kumzidi. Aliyembuni hakuwahi kumwona simba ila kwenye bustani ya wanyama. Simoni Chidosa alizaliwa Zuzu, magharibi ya mji, kijiji ambacho treni ndiyo iliyokuwa saa yao. Akiwa kijana alipelekwa Norwe kusomea injini za meli, akaajiriwa huko, akaoa huko, na jioni, akishanawa grisi, alikaa jikoni kwa mkewe Bi Ingrid akaandika kwa Kiswahili habari za jua. Vitabu vilichapwa Dar es Salaam vikatufikia sisi vimeshapita mikono mingi, majalada yameshikizwa kwa plasta ya hospitali, kurasa za mwisho hakuna. Nimesoma vitatu chini ya dawati bila kujua viliishaje.

Habari za kwetu nitaziruka, maana hazina simba. Inatosha kusema kwamba sisi ni Wanyamwezi tulioletwa Dodoma na reli, na kwamba Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Zamani wapagazi wetu walipopita Ugogo na pembe mabegani, Wagogo waliwatoza hongo: hongo ya kupita, hongo ya kulala, hongo ya kunywa maji. Siku hizi tunalipana kwa maneno. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo ukacheka. Anaweza kuchukua kitu chako, kiatu, fimbo, sufuria ya mboga ikiwa jikoni, na usikipate mpaka ukikomboe kwa kutimiza anachotaka. Na ukifa, yeye ndiye anayevaa nguo zako msibani, anaigiza mwendo wako na kukohoa kwako, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Naeleza haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyonikosesha usingizi mwezi uliopita.

Mwezi uliopita Sechelela alikuja kwangu mchana, akaketi barazani bila kungoja kiti cha mito, akavua viatu. Sechelela ni mpwa wake Mzee Chidosa, mtoto wa dada yake, mwanamke mrefu ambaye uzee umemwongezea urefu badala ya kumpunguzia. "Mjomba wanamfungua moyo," alisema. "Alhamisi. Umri ule, Kalunde! Moyo umeshazoea kufungwa, unaufungua wa nini?" Nikamuuliza Bi Ingrid anasemaje. "Anasema madaktari wa kule ni wazuri. Na sisi Zuzu tumekaa kikao, tumesema akifa tunamtaka. Watu wameanza kuulizana nani atatandika turubai. Nawe mtani ujiandae. Si wewe utakayevaa makoti yake?" Nikacheka, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Yeye hakucheka. Aliangalia upande wa magharibi kana kwamba Zuzu ingeonekana kutoka barazani kwangu, akasema yale ambayo amekuwa akiyasema tangu mimi sina mvi: "Nyumba ile ya mjomba ingekuwa na bati leo. Huyo aliyemshauri mjomba asimwue yule mtu wake wa kitabuni, Mungu anamjua." Nilimmiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Enzi za kitabu hicho cha saba nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo, nangoja chuo, nangoja mambo kwa ujumla. Katika mwaka ule wa kungoja, Mzee Chidosa alirudi Dodoma kwa mara ya kwanza tangu aondoke kijana, akapanga nyumba mtaa wa Kikuyu, akatangaza kanisani kwamba anatafuta mtu ajuaye kupiga taipu. Mimi nilijua kupiga taipu kwa vidole vinne. Nilikwenda nikitegemea kumkuta mtu wa kifua kipana, mwenye kovu. Nikamkuta mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu ya buluu ndani ya nyumba, maana ilikuwa Julai na ule upepo wetu ulikuwa unapita chini ya milango, na alikuwa amesimama juu ya stuli akijaribu kuziba dirisha kwa gazeti. "Mbukwenyi!" alisema kutoka juu, salamu ya Kigogo, kwa furaha ya mtu aliyeitunza miaka mingi. Nikamwambia shikamoo, mimi si Mgogo, mimi ni Mnyamwezi. Alishuka kwenye stuli. "Mnyamwezi! Basi umeingia nyumbani kwangu bila kulipa hongo." "Hongo yenu tulishamaliza kuilipa," nilisema. "Nimekuja kuchukua chenji." Akanipa kazi palepale.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na nakumbuka kila kimoja kwa harufu yake. Sebuleni palinukia kahawa, aliyoinywa nyeusi kutwa nzima kama mtu anayelipwa kuimaliza. Chumbani kwake, ambako sikuwahi kupita mlangoni, palinukia mafuta ya kuchulia nyonga na gazeti. Jikoni kwa Sechelela palinukia mlenda na mkaa. Sechelela alikuja kutoka Zuzu kumtunza mjomba wake, na siku ya kwanza alimpikia ugali wa uwele na mlenda wenye karanga, chakula ambacho Mzee alikuwa amekielezea katika vitabu sita kwa namna ya kutoa mate. Alikaa, akanawa, akamega, akachovya, akainua mkono. Mlenda ukavutika kutoka bakulini hadi kidevuni mwake, ukakataa kukatika. Alikuwa amesahau kile kizungusho kidogo cha kiganja ambacho mtoto wa Kigogo anakijua kabla hajajua kutembea. Sechelela aligeuka akatazama ukutani kwa heshima. Mimi, ambaye ni mtani, nilimwambia, "Mzee, hiyo siyo kamba ya meli, usiivute." Alicheka mpaka akapaliwa, lakini baadaye nilimwona peke yake uani, bakuli mkononi, anafanya mazoezi.

Kiswahili chake nacho kilikuwa kimewekwa kwenye jokofu siku aliyoondoka. Alisema motokaa, alisema eropleni, alimwita kila kijana bwana mdogo, na wauza mitumba pale sokoni walikuwa wakimfuata nyuma ili tu wamsikie akiuliza bei. Mchapishaji wake, aliniambia bila kuficha, alikuwa amemwandikia kwamba vitabu viwili vya mwisho vinanukia theluji. Ndiyo sababu alikuja: aandike cha saba akiwa juu ya ardhi yenyewe. Cha saba na cha mwisho. Mabula atakufa ndani yake, halafu Mzee ataacha kuandika na atakaa nyumbani. Alilisema hilo wazi, mezani, Sechelela akiwa amesimama na sufuria. "Mabula akifa, mimi na Ulaya basi." Ndugu wa Zuzu walimkatia kiwanja siku hiyohiyo, matofali yakafyatuliwa, na kila Jumamosi Sechelela alikwenda kuzikagua kuta akarudi na taarifa. Zimefika madirishani. Zimefika kwenye linta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha. "Mjomba, sasa ni mbao na bati tu," alisema, na Mzee alitikisa kichwa akasema vizuri sana, vizuri sana. Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa jirani mwenye simu kumpigia Bi Ingrid. Nilimsindikiza, nikakaa barazani, nikasikia Kinorwe chote kikimwagika dirishani, lugha inayopanda na kushuka kama mtu anayetembea kwenye vichuguu. Sikuelewa neno, ila jina la Zuzu, na kwamba kila aliposema Zuzu sauti yake ilishuka.

Tulifanya kazi asubuhi. Yeye hakuwa mtu wa kuandika akiwa amekaa. Alitembea, akasema, akaigiza, nami nikapiga. Vita vya mikuki vilipiganwa kwa fagio la Sechelela. Simba alikuwa ni mimi, nilipohitajika, na nimewahi kuchomwa mkuki mbavuni na mtu aliyeniomba radhi kwa lugha mbili. Ilipofika zamu ya mazungumzo ya kimapenzi aliniomba nitazame ukutani. Pembeni ya taipu yangu daima palikuwa na kikombe cha maji, kwa sababu vumbi la Dodoma halikuheshimu fasihi. Bomba la mtaa wetu lilikuwa limekauka tangu Agosti. Maji tuliletewa na watu wa mikokoteni, kwenye madumu, na walikuwa wakiyachota makorongoni nje ya mji, kwenye visima vya mchangani. Yalikuwa matamu, na chini ya kikombe siku zote palibaki chembe mbili tatu za mchanga unaong'aa. Mzee aliyanywa kwa wingi kuliko sisi sote. Alisema hata Norwe, nchi ya maji, hawana maji kama haya.

Kisha ikaja asubuhi ya kifo. Alikuwa hajalala vizuri, ilionekana, na hakuchukua fagio. Alisimama dirishani akanipa mgongo, akaanza kusema taratibu. Mabula amekataa kuwalipa Wagogo hongo. Msafara wake umemwogopa, umemwacha. Ni kiangazi. Anatembea mpaka anafika kwenye korongo kubwa, lakini korongo ni kavu, ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Anashuka, anaanguka kifudifudi. Ulimi umevimba. Anaukumbatia mchanga wa Ugogo kama mtu anayemkumbatia mama, na pale, juu ya mchanga, kiu inammaliza. Nilikuwa napiga huku machozi yananitiririka, maana nilimpenda Mabula tangu kidato cha kwanza na nilikuwa na mpango wa kuolewa na mtu kama yeye. Nikanyoosha mkono, nikanywa maji ili nijikaze. Chembe za mchanga zikanigusa ulimi. Nikaacha kupiga.

Mtoto yeyote wa nchi hii anajua. Korongo la mchanga kiangazi ndiyo kisima chenyewe. Juu pakavu, chini maji yamelala. Unachimba kwa mikono, unangoja kidogo, unakunywa. Mbuzi wa Zuzu wanajua. Na Mgogo, aliyezaliwa Zuzu, alikuwa amemuua mtu kwa kiu juu ya maji. Niligeuza kichwa nikamwona Sechelela mlangoni na beseni la mchele. Alikuwa amesikia yote, na macho yetu yalipokutana nilijua naye ameona, na nilijua pia kwamba hatasema. Mpwa hamwambii mjomba wake kwamba amekisahau kijiji chake. Angekufa yeye kwanza, kwa kiu, juu ya korongo. Alirudi jikoni, na mchele aliokuwa ameshauchagua nikamsikia anauchagua upya.

"Imeisha," alisema Mzee. "Piga mwisho." Sikupiga. Niliinuka, nikamfuata dirishani, nikamvua kofia yake ya sufu kichwani, nikaiweka ndani ya blauzi. Alishika upara wake kama aliyepigwa na upepo. "Wewe! Kofia hiyo amenifumia Ingrid!" "Mimi ni mtani wako," nilisema, ingawa utani mwingine ni mzito kuutamka. "Ukiitaka, ikomboe. Twende Zuzu." "Kufanya nini Zuzu?" "Kunywa maji."

Tulikwenda siku iliyofuata, wawili tu. Sechelela tulimwambia tunakwenda kuangalia linta. Njiani alilalamika kichwa kinapata baridi. Nilimpeleka moja kwa moja korongoni, akasimama ukingoni akatazama ule mchanga mweupe uliolala kama shuka iliyopigwa pasi. "Ndipo penyewe," alisema. "Hapahapa ndipo nilipomlaza." Nikamwambia, "Mzee, chimba." Akanitazama. Nikafikiri atakasirika, na nikakumbuka kwamba nina miaka kumi na tisa na yeye ni mtu mzima mwenye vitabu sita. Badala yake alishuka, akapiga magoti, na mikono ikaanza, polepole, halafu haraka, halafu kwa namna ambayo haikuwa ya fundi wa injini za meli, vidole pamoja, mchanga ukirushwa nyuma kati ya magoti kama afanyavyo mtoto. Shimo lilipofika kiwikoni mchanga ukawa mweusi. Kisha ukaanza kumeta. Alikaa akangoja, na yale maji yakaja yenyewe kwa chini, bila haraka. Alichota kwa kiganja akanywa. Akachota tena. "Nilikuwa nachimba hapa na marehemu dada yangu," alisema mwisho. "Mama yake Sechelela. Nimesahauje?" Tuliporudi Kikuyu alisimama katikati ya sebule, akachukua fagio, akasema: "Piga. Mabula akafumbua macho. Akachimba."

Kila msomaji anajua yaliyofuata. Mabula alikunywa, akainuka, akawalipa Wagogo hongo yao kwa utani badala ya nguo walizozoea kutoza, akaendelea. Mchapishaji alifurahi, akaomba vingine, na vikaja vingine vitano, vyote kutoka Norwe. Maana kabla ya mvua za kwanza Mzee aliaga. Ndugu walimsindikiza stesheni, Sechelela akiwa amevaa kitenge chake kipya, na alipomuuliza kwa nini, yule Mabula si alikuwa afe, si ulisema akifa unakaa, Mzee alisema maneno mawili tu: "Nimeshauriwa, mwanangu." "Na nani?" Alicheka, akapanda. Kofia yake nilikuwa nayo begani, ndani ya mkoba. Nilitaka kumpa, lakini alikuwa ameniambia siku ile tukirudi kutoka korongoni, "Ikae. Sijamaliza kuikomboa," na treni ikaondoka naye akiwa kichwa wazi. Kuta za Zuzu zipo mpaka leo, kwenye linta. Mpapai umeota sebuleni.

Hesabu yake ilikuwa rahisi na niliifanya miaka yote: angekufa Mabula, Mzee angebaki. Sechelela angekuwa na mjomba. Nilimwokoa mtu wa karatasi nikamfukuza mtu wa nyama. Ndiyo sababu nilikana, na ndiyo sababu niliandika ile semina kwa hasira kiasi kile. Mwalimu aliiita ukali wa kitaaluma. Na Alhamisi ile ya upasuaji niliitoa kofia sandukuni, nikaiweka mezani, nikaitazama. Kama angekufa, ningetakiwa niivae mbele ya Zuzu yote, nitembee kama yeye, nirushe mkuki wa fagio, nichekeshe watu. Na Sechelela angekuwa amekaa mkekani ananitazama. Niliijaribu mbele ya kioo. Nilifanana na birika lililofumiwa sweta.

Ijumaa haikuja habari. Jumamosi mchana Sechelela alikuja mwenyewe, simu mkononi kainyoosha mbele kama mtu aliyebeba yai, na sauti imefunguliwa yote. "Anakutaka wewe," alisema, akakaa, viatu akavua. Usoni hakuonyesha kitu. Kwenye simu palikuwa na dari jeupe, kisha kidole, kisha nusu ya uso wa Mzee Chidosa.

"Mbukwenyi," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ileile.

"Shikamoo Mzee. Umepona?"

"Wamenishona kama mpira. Marahaba. Kofia yangu unayo?"

"Ninayo. Panya wameonja ukingo."

"Panya wa Dodoma hawalipi hongo." Alipumzika kidogo. Nilimsikia Bi Ingrid nyuma yake akimwambia asiseme sana, nadhani, kwa ile lugha ya vichuguuni. "Kalunde. Sechelela ananiambia bado anamtafuta mtu aliyenishauri. Hukumwambia?"

Sikumtazama Sechelela. Nilitazama viatu vyake. "Sikumwambia, Mzee. Nilidhani mimi ndiye niliyekuondoa."

"Wewe!" Alianza kucheka, akashika kifua. "Mimi tikiti nilikuwa nimeshaikata kabla hujanivua kofia. Nilikuwa nimeshamwambia Ingrid narudi, Jumapili ile, kwa jirani. Nilimkumbuka mke wangu, basi. Lakini mtu aliyeandika simba watatu katika kitabu kimoja aliogopa kumwambia mpwa wake kwamba anaondoka. Sechelela, unasikia? Niliogopa wewe na linta yako."

"Nasikia, mjomba," alisema Sechelela.

"Mabula nilimuua kwa sababu nilikuwa naondoka. Nilitaka angalau mmoja wetu azikwe nyumbani. Kalunde alipomfufua, nikaona, aa, kumbe hakuna haja ya haraka. Maji yapo, yanangoja. Nitakuja mwenyewe." Dari jeupe likarudi kidogo, kisha uso. "Pale stesheni nilikosa la kusema, nikasema nimeshauriwa. Nikamtwisha Mnyamwezi mzigo. Nilidhani wameuzoea."

Nilitaka kumjibu kwa utani mzuri, wa kuandikwa, na nilichoweza ni kupenga kamasi. Sechelela alinyoosha mkono wake mrefu kutoka kwenye kiti, nikadhani ananipa leso. Alinivua miwani ya kusomea, akaikunja, akaitumbukiza kifuani mwa gauni lake.

"Utaipata," aliniambia, "ukishalipandisha bati la Zuzu." Kisha akainamia simu. "Mjomba, pona haraka. Tumepata fundi."